Ninunue Kompyuta Sasa au Nisubiri Toleo Jipya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Dar es Salaam

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye fedha anayo mkononi, maduka ya Kariakoo na ya Mtaa wa Samora ameshayazunguka, na kila akikaribia kulipa hutokea mtu wa kumwambia asubiri kidogo kwa kuwa kuna toleo jipya njiani. Mimi ni fundi. Kompyuta huziona zinaporudi, miezi au miaka baada ya kununuliwa, na majibu yaliyomo humu yametoka kwenye meza hiyo ya ufundi.

Je, ni kweli kwamba nikinunua leo, kilicho bora zaidi kitatoka kesho?

Ni kweli, na itaendelea kuwa kweli. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Intel, aliandika kwamba idadi ya vijenzi vinavyowekwa kwenye chipu moja ilikuwa ikiongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akalirekebisha kadirio hilo kuwa kila miaka miwili. Mwendo huo umepungua siku hizi, lakini viwanda havijaacha desturi ya kutoa kitu kipya karibu kila mwaka. Apple ilitoa prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) ya M1 Novemba 2020, ikafuata M2 mwaka 2022, M3 mwaka 2023, M4 mwaka 2024 na M5 mwaka 2025. Aliyekuwa na haja ya kompyuta mwaka 2020 akaamua kungoja inayofuata, alikuwa na sababu ileile ya kungoja kila mara, na mpaka M5 inatoka angekuwa hajanunua.

Kwa hiyo kuuliza kama kuna kitu bora kinakuja hakumsaidii mnunuzi, maana jibu lake ni lilelile mwaka hadi mwaka. Ulizeni hivi: kinachokuja kinajulikana jina, kina tarehe, na kinaigusa kazi ninayoifanya? Kikikosa hata kimoja kati ya hivyo, ninyi hamsubiri; mmeacha tu kununua.

Ni wakati gani basi kusubiri kuna maana?

Pale unapoweza kuiandika tarehe kwenye kalenda. Mfano ulio wazi kwetu ni bajeti ya Serikali. Hotuba husomwa Dodoma mwezi Juni, na mabadiliko ya kodi kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Ukisikia kwenye hotuba kwamba kodi inayogusa vifaa unavyovitaka inapunguzwa, wiki hizo mbili tatu zingoje kwa amani, huku ukijua kwamba mzigo uliokwisha kuingia kwa kodi ya zamani hautashuka bei siku hiyohiyo. Ukisikia inapandishwa, nunua kabla ya Juni kwisha. Maonesho ya Sabasaba nayo yana tarehe, na wauzaji wengi huja pale na bei za kuvutia wateja. Kinyume chake, majuma ambayo vyuo vinafunguliwa na wanafunzi wanapata bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, ni majuma mabaya ya kuomba kupunguziwa, kwa sababu muuzaji anajua kwamba nyuma yako kuna wengine.

Toleo lililokwisha kutangazwa na kampuni yenyewe pia lina tarehe, ila uongeze muda wa safari. Kutangazwa California si kufika Kariakoo. Vifaa vipya huingia hapa kwanza kwa mkono wa wachache walioagiza Dubai, na bei ya mkono huo wa kwanza ni kali. Kinachomfaa msubiri mara nyingi ni toleo la nyuma, ambalo muuzaji huanza kuliondoa rafuni likishapata mwenzake. Mimi binafsi sipendi mtu angoje zaidi ya miezi miwili, na hiyo ni pale ambapo kompyuta aliyonayo bado inafanya kazi.

Uvumi usiuhesabu. Kampuni nyingi hukaa kimya juu ya bidhaa zijazo ili zilizopo dukani zisikose wanunuzi, na zina historia ya kuzifundisha: Kampuni ya Osborne ya Marekani ilifilisika Septemba 1983, na miongoni mwa sababu zinazotajwa, ingawa haikuwa pekee, ni kwamba ilizungumzia mashine zake zijazo mapema mno na wateja wakaacha kununua ile iliyokuwepo. Kwa hiyo, mtu wa dukani anayekuambia kwa uhakika kitakachotoka mwezi ujao ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameokota maneno mtandaoni kama wewe.

Kusubiri hakuna gharama. Kwa nini nisisubiri tu?

Kusubiri kuna gharama, ila haiji na risiti. Steshenari moja jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliniita kuangalia kompyuta yao ya kuchapishia. Mwenyewe alikuwa amekaa nayo miezi minane ikiwa nzito, kwa kuwa mpwa wake alimwambia bei zitashuka. Nilikuwa pale umeme ulipokatika mnamo saa tatu asubuhi na kurudi baada ya dakika chache. Kompyuta ikaanza kuwaka. Kidoa cha mduara kikazunguka, kikazunguka, taa ya diski ikawaka bila kupepesa, na hadi hati ya kwanza inafunguka zilikuwa zimepita dakika saba. Wanafunzi watano walikuwa wamesimama na flashi mkononi. Watatu kati yao waliondoka kwenda duka la pili bila kusema neno.

Tuchukue hesabu ya chini kabisa. Duka likipoteza wateja wanane kwa siku, kila mmoja wa shilingi 1,000, ni shilingi 8,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 208,000. Kwa miezi minane ni 1,664,000. Bei ingeshuka kiasi gani ili kuilipa hasara hiyo? Kila anayeitumia kompyuta kujipatia riziki ninamwomba akae na karatasi afanye hesabu yake mwenyewe, iwe ni ya wateja, ya saa za kazi au ya zabuni iliyochelewa kutumwa, kabla ya kusema kwamba anangoja bei ishuke.

Asiyepoteza kitu kwa kungoja, mathalani anayetaka kompyuta ya kuangalia filamu jioni, huyo angoje kwa raha zake.

Kompyuta yangu imekuwa nzito. Lazima ninunue nyingine?

Mara nyingi sivyo, na hapa ndipo ninapotamani watu wapunguze mwendo kidogo, kwa sababu kati ya kununua na kusubiri kuna njia ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji.

Kompyuta ina sehemu moja inayozichelewesha nyingine zote. Ukiijua, unaitibu hiyo peke yake. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha uendelee na kazi yako ya kawaida huku ukitazama asilimia zinazoonyeshwa kwa prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski. Ile kompyuta ya steshenari ilionyesha prosesa ikiwa asilimia 12 na diski ikiwa asilimia 100. Prosesa ilikuwa imekaa ikingoja diski imletee kazi. Ndani mlikuwa na diski ngumu ya kuzunguka, yenye sahani na kichwa cha kusomea ambacho hulazimika kusogea kutafuta kila kipande cha faili. Kila kutafuta huko huchukua sehemu ndogo ya sekunde, lakini kuwasha Windows kunahitaji vipande maelfu. Diski ya SSD haina kinachozunguka wala kinachosogea. Hata zile za SSD zinazotumia kiunganishi cha kawaida cha SATA husoma hadi kama megabaiti 550 kwa sekunde, ilhali diski ya kuzunguka ya laptopu husoma kama megabaiti 100 au chini ya hapo, na kwenye faili ndogondogo tofauti huwa kubwa zaidi sana.

Tulinakili kila kitu kwenye SSD, tukafunga mifuniko, tukawasha. Mwenye duka alikuwa amekwenda kununua maji. Aliporudi ukurasa wa kuingilia ulikuwa unamngoja yeye. Prosesa ileile, RAM ileile, kompyuta ileile.

Tahadhari moja: kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hutumia SSD ndogo kama kipande cha ubani, iitwayo M.2, nayo ina aina mbili, ya SATA na ya NVMe, ambazo kwa macho hufanana sana. Mpe fundi aifungue mashine kwanza ndipo ukanunue.

Na RAM je? Niongeze sasa au nisubiri ishuke bei?

Kwanza hakikisha inaongezeka. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama (ubao mkuu wa kompyuta), na kwenye MacBook, laptopu za Apple, zote za prosesa za M imefungwa pamoja na prosesa yenyewe, haiongezeki. Utakachonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Ikiwa ina nafasi, jua aina yake: DDR3, DDR4 na DDR5 hazibadilishani, na mwanya ulio kwenye kadi umewekwa mahali tofauti makusudi ili isiingie isipostahili. Usiilazimishe.

Kuhusu bei, RAM ni mfano mzuri wa kwa nini ile imani kwamba vifaa vya kompyuta hushuka bei siku zote imewaponza wengi. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa viwanda vilielekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba, na Micron ikatangaza Desemba ya mwaka huo kwamba inaachana na biashara ya Crucial iliyokuwa ikiwauzia watumiaji wa kawaida. Aliyekuwa akingoja ishuke aliikuta imepanda. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalifanya vivyo hivyo kwa diski ngumu, kwa kuwa viwanda vingi vya diski vilikuwa kule. Kwa hiyo kama kompyuta yako ina GB 4 na unahitaji 8, nunua kadi moja utakayoihitaji, hata ya mtumba iliyopimwa, na usiilimbikize zaidi ya kazi yako.

Windows 10 imeachwa. Je, kompyuta yangu imekwisha?

Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki, inachokosa ni marekebisho ya usalama, na mianya itakayogunduliwa itabaki wazi. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza walipewa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo, kwa mara nyingine, ni tarehe ya kuandika kwenye kalenda.

Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, rasmi, isipokuwa chache, ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Jambo hili limegawanya soko la mtumba la mji huu katika makundi mawili. Mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zina kila sababu ya kuuzwa rahisi, kwa kuwa ofisi za nje zinaziondoa, na mnunuzi wa hapa huona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Ukizinunua kwa ajili ya kuweka Linux, mfumo endeshi usio wa Microsoft, ni sawa: aina yake iitwayo Ubuntu 24.04 iliyotoka Aprili 2024, kwa mfano, inahudumiwa bila malipo kwa miaka mitano. Ukizinunua kwa ajili ya mfumo wa uhasibu wa ofisi unaodai Windows, umenunua tatizo. Kwa kazi ya Windows, msishuke chini ya kizazi cha 8.

Muuzaji anasema hii ni i7, hivyo ni nzuri kuliko i5. Ni kweli?

Si lazima. Tazama tarakimu zinazofuata. Core i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, na ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) viwili. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, na ina viini vinne. Hiyo i5 inaishinda i7 kwa mbali, tena inaipokea Windows 11. Katika namba kama i7-1165G7, tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha 11. Kibandiko kilichobandikwa karibu na kibodi kisikutoshe, kwa kuwa vibandiko huuzwa. Fungua taarifa za mfumo usome mwenyewe.

Ninunue mpya ya bei ndogo au mtumba wa hali ya juu?

Kwa fedha ileile, na kwa mtu aliye tayari kukagua, ninaegemea mtumba wa laptopu za ofisini. Zilitengenezwa zifunguliwe, zina nafasi za RAM na diski, na vipuri vyake vimejaa mjini. Mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi ina GB 4 zilizochomelewa na hifadhi ndogo isiyoongezeka. Inang'aa siku ya kwanza, na baada ya mwaka inarudi kwangu bila dawa.

Lakini ukaguzi ni kazi. Washa na uingie kwenye BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta: ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache, kwa kuwa inaweza kuwa bado imefungwa na ofisi ilikotoka. MacBook ihakikishe imeondolewa kwenye akaunti ya mwenye zamani. Kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika powercfg /batteryreport uone uwezo wa betri wa kiwandani na uliobaki. Ikiwa ilizaliwa na mWh 48,000 na sasa inajaa 21,000, basi imebaki chini ya nusu, na bei ya betri mpya uipunguze kwenye malipo. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Kama ni kompyuta ya mezani ya zamani, geuza nyuma utazame kama kuna swichi nyekundu ndogo kwenye pawasapulai. Zile zilizotoka Marekani zinaweza kuwa zimewekwa kwenye 115, na umeme wetu ni volti 230. Nimeshasikia mlio wake dukani: paa, kisha harufu. Ilikuwa mashine nzima kabisa dakika moja kabla. Isogeze swichi iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka waya.

Dai risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa siku zake. Waranti ya mdomo haina pa kushikia.

Mwanangu anaanza chuo Oktoba. Nimnunulie sasa au nisubiri ajue anachohitaji?

Mama mmoja alikuja na binti yake aliyepangiwa kusomea usanifu majengo. Tulisalimiana, akaniambia, "Fundi, mimi nataka kitu kitakachomaliza miaka yake yote bila kunirudisha hapa." Nikamuuliza binti kama idara yao imeshawapa orodha ya programu. Hajapewa. "Basi mama," nikamwambia, "usinunue leo. Mngoje wiki mbili, orodha itatoka, ndipo mje." Hakufurahi, kwa kuwa alikuwa ameshika fedha na aliogopa isije ikapata matumizi mengine. Akaacha kishika uchumba kidogo ili asijitie majaribuni. Orodha ilipotoka ilikuwa na Revit, programu ya kuchorea majengo, ambayo inataka walau GB 16 za RAM na haina toleo la Mac. Ile laptopu aliyokuwa ameishika siku ya kwanza ilikuwa na GB 8 zilizochomelewa.

Huku ndiko kusubiri ninakokubali: kuna tarehe, na kuna kitu utakachokijua siku hiyo ambacho leo hukijui. Kwa mwanafunzi wa sheria, ualimu au biashara, ambaye kazi yake ni kuandika, kusoma na mikutano ya video, hakuna haja ya kungoja orodha. SSD, GB 8 zinazoweza kuongezwa, na betri nzima vinamtosha.

Naunda kompyuta ya mezani. Je, nisubiri prosesa ijayo?

Chagua ubao mama kwanza, prosesa baadaye. Ubao wenye maisha marefu ndio unaokuwezesha kununua sasa na kupandisha daraja kesho bila kuanza upya. Walionunua mbao za prosesa za AMD, mshindani wa Intel, za soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AM4 prosesa za kwanza za Ryzen zilipotoka mwaka 2017, wengi wao waliweza kuweka Ryzen za mfululizo wa 5000 miaka mitano baadaye kwa kusasisha BIOS tu. AM4 sasa imekwisha kupata mrithi, AM5, tangu 2022. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ilibeba kizazi cha 12 hadi cha 14, kisha mwaka 2024 ikaja nyingine. Kwa hiyo anayenunua ubao wa soketi iliyofika mwisho anunue prosesa atakayokaa nayo, na asijidanganye kwamba atapandisha.

Kadi za michoro je?

Nvidia, kampuni inayotengeneza kadi hizo, ilitoa mfululizo wa RTX 30 Septemba 2020, wa 40 Oktoba 2022, na wa 50 Januari 2025, yaani kama kila miaka miwili na kitu. Ukiwa mwanzoni mwa kipindi hicho, nunua. Ukiwa mwishoni, angoje mwenye nafasi. Hata hivyo mwaka 2020 na 2021 wangojaji waliumia: uhaba wa chipu na uchimbaji wa sarafu za mtandaoni vilizipandisha bei kadi zile mpya na zile za zamani pamoja, na ahueni ilikuja 2022, mwaka ambao Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliachana na uchimbaji wa namna hiyo mwezi Septemba. Mhariri wa video za harusi aliyenunua mapema alikuwa ameshairudisha fedha yake.

Nisubiri kompyuta zenye akili mnemba?

Hapana. Microsoft ilitangaza kundi la kompyuta liitwalo Copilot+ Mei 2024, likidai kichakataji maalumu cha akili mnemba, GB 16 za RAM na hifadhi ya GB 256. Lakini huduma nyingi za akili mnemba ambazo watu wa hapa hutumia hufanya kazi kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali, na wewe unachohitaji ni kivinjari na bando. Chukua fundisho moja tu kutoka kwenye orodha yao, nalo ni zile GB 16: programu zinazidi kunenepa.

Toleo la kwanza huwa na kasoro. Si afadhali nisubiri la pili?

Kuna ukweli. Januari 2011 Intel ilitoa prosesa mpya, na kabla ya mwezi kwisha ikatangaza kwamba chipu iliyoandamana nazo kwenye mbao ilikuwa na kasoro katika baadhi ya njia za diski, ikasimamisha kuzisafirisha. Aliyengoja miezi miwili alikwepa. Lakini tazama na mfano wa pili: kasoro ya volti iliyoharibu baadhi ya prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14, zilizotoka 2022 na 2023, ilikuja kuthibitishwa na Intel mwaka 2024. Hakuna subira ya kawaida ambayo ingemwokoa mnunuzi hapo. Waliookoka ni wenye waranti, ambayo kampuni iliiongeza kwa miaka miwili. Kwa hiyo usinunue kilichotoka wiki hii, lakini zaidi ya hapo tegemea karatasi ya waranti kuliko kalenda.

Dola ikipanda au kushuka, nifanyeje?

Mzigo hununuliwa kwa dola, hivyo bei ya dukani huifuata, ila kwa kuchelewa na kwa upande mmoja zaidi: dola ikipanda bei hupanda mapema, ikishuka muuzaji humaliza kwanza mzigo wa zamani. Ukiona shilingi imeimarika kwa wiki kadhaa, uliza duka ambalo limepokea mzigo mpya karibuni. Kubahatisha dola kwa ajili ya kompyuta moja sikushauri.

Umeme wa kukatikakatika unabadilisha uamuzi?

Unabadilisha mgawanyo wa fedha. Kwa kompyuta ya mezani, bei ya UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika) ihesabu kama sehemu ya bei ya kompyuta. Bora ushuke daraja moja la prosesa kuliko kuikosa. Kwa laptopu, betri nzima ndiyo UPS yako. Wakazi wa Msasani na Kigamboni waongeze jambo la hewa ya chumvi, ambayo hula viunganishi. Kompyuta isikae dirishani.

Nimenunua, na mwezi uliofuata bei imeshuka. Nimekosea?

Jiulize kama ule mwezi uliitumia. Kama uliandika, ulichapisha, ulitoza wateja, basi tofauti ile ya bei ni kodi ya mwezi mmoja wa kazi, na uliilipa kwa haki. Kosa lingekuwa kununua na kuiacha kwenye boksi ukingoja mradi ambao haujaanza.

Ya zamani niiuze lini?

Ndani ya wiki ile uliyonunua mpya, kabla haijawekwa chini ya kitanda. Hamisha faili zako, ondoa akaunti zako zote, ufute diski kabisa. Au itoe diski ngumu, uitie kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala, na uiuze mashine bila diski kwa kumweleza mnunuzi hivyo. Chaja yake halisi iende nayo, maana mnunuzi wa Kariakoo huiulizia kabla hajaangalia kioo.